Nilimnyima mwalimu wa fizikia mjukuu wangu, nikangoja arudi

Nifichieni jina tu, kosa langu liacheni wazi. Mi ni bibi wa miaka sabini na kitu, mkulima wa Gashoho, huku Muyinga. Shule sikuingia hata mlangoni. Haya nayasema kwa mdomo, jirani yangu fundi cherehani ndiye anayaandika.

Nilirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na mjukuu mmoja mgongoni. Wazazi wake tuliwazika kule. Nimemlea kwa jembe mpaka akamaliza chuo kikuu, fizikia. Msiniulize fizikia ni nini. Najua tu alifunga jiwe kwa kamba kwenye boriti ya mlango, akawa analisukuma, analitazama, anaandika. Nikimwambia, "We, hilo jiwe litanipasua kichwa," ananijibu, "Bibi, ngoja liende kule, ndiyo upite." Nikazoea kungoja.

Mwaka huu akaomba kusoma master Gitega. Akafanya mtihani, wakamhoji, akarudi anaimba. Siku moja, yeye akiwa sokoni, akaja mwalimu wao mkubwa, yule anayechagua wanafunzi. Akaniambia, "Mama, binti yenu amewashinda wote. Lakini kila nikichukua msichana, familia inamtoa katikati ya masomo wakamwoze. Safari hii nimeamua kuongea na wazee kwanza. Mtaniachia asome mpaka mwisho?"

Jamani, nilitaka kumkumbatia! Lakini kwetu mtu akija kuomba msichana, humpi siku hiyo hiyo kama unagawa viazi vilivyooza. Unamnyima kwanza, unamponda huyo msichana. Mgeni anacheka, anaenda, anarudi na pombe ya ndizi, ndipo mnaongea. Nilijua vizuri amekuja kwa ajili ya masomo, si ndoa. Nikaona heshima ya mtoto ni ile ile. Nikamwambia, "Hapa hakuna msichana. Yuko mmoja, mvivu, hata ugali unamshinda. Katafute kwa majirani."

"Ndiyo mwisho, Mama?"

"Mwisho kabisa!" Tena nimekaza uso, maana kazi hiyo naiweza, nimeozesha nusu ya ukoo.

Hakucheka. Akanishukuru kwa maji niliyompa, akaenda. Nami nikafagia ua, nikamngoja.

Hakurudi. Majina yakatoka, la mjukuu wangu halimo. Alikaa kitandani akaniambia, "Bibi, kumbe walinisifu usoni tu. Kichwa changu hakitoshi." Vitabu amevitia kwenye gunia. Sasa anaamka kabla yangu kwenda kulima, na chakula anakichezea tu.

Sababu niliijua juzi barabarani, kwa mkuu wa shule ya hapa aliyesoma na yule mwalimu. Akaniuliza, "Mama, mbona mlimnyima? Alisikitika sana. Nafasi amepewa kijana wa Mwakiro."

"Nilimnyima kwa adabu!" nikamwambia. "We hujui? Alitakiwa arudi!"

"Mama, kila familia iliyomkatalia ilisema maneno hayo hayo, na ilimaanisha."

Nikakaa chini pale pale barabarani.

Anasema masomo hayajaanza, labda mwalimu anaweza kuongeza mtu mmoja, labda hawezi. Mwalimu mwenyewe yuko Mushasha, huko huko Gitega. Lakini tangu nizaliwe sijaona upande wa msichana ukitoka kwenda kumbembeleza mwombaji. Kumnyang'anya yule kijana pia sitaki, naye ana bibi yake. Na mjukuu wangu nimwambie nini? Nikinyamaza, atazeeka akijiona mjinga, na mjinga ni mi. Nikisema halafu nafasi ikakosekana, atanitazama kwa macho gani? Sina mwingine duniani.

Jana ile kamba ya jiwe ameikata, amefungia mbuzi. Leo asubuhi nilisimama mlangoni nikingoja jiwe lipite, nikakumbuka halipo.

Wanangu mnaosoma hapa, mliosoma na msiosoma, nigombezeni kwanza, halafu mnishauri. Nibebe mtungi wa pombe kichwani niende Gitega kumwambia yule mwalimu msichana yupo, au nianze na mtoto wangu? Nifanye nini?