Mafungu Mawili ya Nyumba ya Zaitoun

Nyumba ya Zaitoun ingali imesimama Badjanani, nyuma ya Msikiti wa Ijumaa wa Moroni, ila mlango wake wa nakshi umeng'olewa na mahali pake pamewekwa mlango wa chuma wenye rangi ya maziwa. Vijana hukaa pale barazani na simu zao, wakibishana ni nchi ipi inafuata Uislamu kweli na ipi inacheza. Wanazitaja nchi kama wanavyotaja timu za mpira. Mimi napita zangu. Ubishi huo niliusikia zamani kutoka kwa mtu aliyesoma kuliko wao wote, na nilikuwapo ulipokwisha.

Zaitoun alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuvuka mitaa miwili. Alizaliwa katika nyumba ile, kama mama yake na bibi yake. Kwetu Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, nyumba ya namna hiyo huitwa manyahuli: hutoka kwa mama kwenda kwa binti, haiuzwi wala haigawanywi. Mwanamume huingia humo kama mume, na ndoa ikivunjika hutoka na sanduku lake. Leo watu wanaona haya hata kulitamka neno hilo. Sisi tuliona haya kulivunja.

Serikali nyingi zilipita mbele ya mlango wake. Wakati wa mapinduzi, vijana wa kamati walipiga marufuku harusi kubwa na kuwavua wanawake buibui njiani, kisha wakaja kuitaka nyumba iwe ofisi yao. Zaitoun aliwaketisha, akaanza kumuuliza kila mmoja mama yake ni nani na anaishi nyumba ya nani. Waliaga kabla hajamfikia wa mwisho. Mwaka 1978 mamluki wakashuka kutoka baharini, mapinduzi yakaanguka, na tukatangaziwa kwamba sasa sisi ni Jamhuri ya Kiislamu. Bendera ikawa ya kijani, ina mwezi na nyota. Waliosimama langoni kwa rais kuilinda Jamhuri hiyo ya Kiislamu walikuwa Wazungu wenye sare nyeusi, na Ijumaa jioni uliwakuta hotelini na bia zao. Zaitoun alizoea kusema, "Angalau hawa hawajaniuliza habari za nyumba."

Aliyemuuliza alitoka ndani ya nyumba yenyewe.

Huyo ni Tadjidine, mtoto wa Maoulida, kaka yake Zaitoun. Alizaliwa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, kwa mama yake, maana baba yake alioa huko na kuhamia huko. Alisoma dini Uarabuni miaka mingi, na mwaka 1984 akarudi kufundisha Moroni. Alifikia kwa shangazi yake: alilala chumba cha juu, akala chakula chake, akafuliwa kanzu zake. Alikuwa kijana mwema, sala hazimpiti, hasemi uongo. Mama wa Zaitoun na Maoulida alipofariki, na matanga yalipokwisha, Tadjidine alishuka ngazi asubuhi moja akasema, "Shangazi, nyumba hii ni mirathi. Sheria ni mafungu mawili kwa mwanamume na moja kwa mwanamke. Iuzwe, baba apate haki yake, nawe upate yako."

"Na mimi nihamie wapi?"

"Mungu atafungua mlango."

"Huu ulio wazi umekukosea nini?"

Tadjidine alikwenda kwa kadhi. Kadhi alimsikiliza, akamwambia kwamba mirathi haidaiwi na mtoto wakati baba yu hai. Maoulida aje mwenyewe aseme anachotaka. Basi kila kitu kikawa mikononi mwa Maoulida. Akija na kudai, nyumba inauzwa, na Zaitoun na binti zake wanatoka. Wiki ile ile Tadjidine alipanda meli ya Mutsamudu kumchukua baba yake. Alipokaa sitahani, akamwona shangazi yake anapanda na kapu lake la chakula.

Nami nilikuwamo, nakwenda Mirontsy kumtazama dada yangu. Nilikaa nao kwenye magunia ya vitunguu.

"Shangazi," alisema Tadjidine, uso umemwiva, "kule nilikosoma mwanamke hasafiri bila maharimu wake, ndugu wa kiume asiyeweza kumwoa."

"Ndiyo maana nimesafiri na wewe."

Abiria walicheka. Kando yetu alikuwapo Hadjira, muuza nguo, mwenye maneno mengi kuliko vitambaa vyake. Alimuuliza, "Hebu tuambie, mwalimu. Katika nchi zote hizi, ni serikali ipi iliyokaza dini kuliko nyingine?"

Tadjidine alipenda kufundisha. Alijibu vizuri, sina budi kusema kweli. Alisema kule Saudia maduka hufungwa kwa sala na mwanamke haendeshi gari. Iran, tangu mfalme aondoke, mwanamke hufunikwa kwa amri ya dola, asiyetaka huadhibiwa, lakini gari anaendesha na kura anapiga. Sudan ndiyo kwanza wameanza, tangu mwaka uliotangulia, kukata mikono ya wezi. Pakistani wana sheria zao za viboko. Morocco mfalme anaitwa Amiri wa Waumini, na divai inauzwa.

"Na sisi?" aliuliza Hadjira.

"Sisi tuna jina tu."

"Tuna na walinzi," alisema mzee mmoja. "Waislamu safi kutoka Ufaransa."

Hata Tadjidine alicheka. Lakini chombo kilianza kuyumba, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Tadjidine akainamia ubavuni mwa meli, akatapika. Zaitoun alimshika kichwa, akamlowesha uso, akampa ndimu anuse. Hakumtania. Alimwambia tu, "Zote hizo ulizozitaja, baba, zinasema zimechukua kitabu kimoja. Mbona kila moja imekaza pake?"

"Watu ni dhaifu, shangazi."

"Haya. Nusa ndimu."

Bandarini Mutsamudu tulipita kati ya makontena, tukaingia vichochoro vya mji wa kale. Zaitoun aliniomba nifuatane nao, awepo mtu wa mtaani kwetu wa kusikia litakalosemwa. Maoulida alikuwa amestaafu kazi ya bandarini. Tulimkuta kwenye kiti chake, ndani ya nyumba ya mkewe Sittou, nyumba ya mawe aliyoachiwa Sittou na mama yake. Sittou alikuwa palepale sebuleni akipepeta mchele. Baada ya salamu na chai, Tadjidine aliyasema yote kwa adabu na kwa aya zake.

Maoulida alikuna ndevu. Nikaona nyumba inakwenda, kwa kuwa mtu huyo alikuwa anafurahi. Maisha yake yote alikuwa mgeni wa kuheshimiwa: kwanza kwa mama yake, halafu kwa mkewe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana mafungu mawili ya kitu.

"Kumbe," alisema. "Mawili?"

"Mawili, baba. Ni haki yako, si hisani."

"Kaka," alisema Zaitoun, "mimi sikuja kubishana na kitabu. Nimekuja kukuuliza kwa mdomo wako. Unataka nitoke?"

Maoulida alinyoosha mkono kuchukua chai yake. Sittou akaweka ungo chini.

"Mwanangu Tadji," alisema Sittou, "sheria hii ni ya Ngazidja peke yake, au na huku Ndzuani imefika?"

"Ni ya dunia nzima, mama."

"Vizuri. Mtu akamwite kaka yangu Allaoui. Mama yetu aliniachia mimi nyumba hii, naye hajapata hata kigae. Ana mafungu mawili ndani yake." Akamgeukia mumewe. "Moja la kwangu litakuwa hiki chumba cha mchele, bwana. Wewe kiti chako utakiweka wapi?"

Maoulida alitazama kiti chake, akatazama dari. Tadjidine alikuwa amepima Saudia, Iran na Sudan, akajua kila moja imekaza kwa kiasi gani. Hakukumbuka baba yake analala kwa nani.

"Sheria ni sheria, mama," alisema mwisho, kwa sauti ndogo. "Siwezi kuibadili kwa sababu ni wewe."

Nilimheshimu kwa hilo. Wengi wangegeuza maneno.

"Usiibadili," alisema Maoulida. Alikuwa amesimama. "Haki yangu ni yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Na kilicho changu naweza kumpa nimtakaye, nikiwa hai na akili zangu?"

"Unaweza."

"Basi twende Moroni."

Mbele ya kadhi Maoulida alidai mafungu yake mawili, akayapokea kwa maneno, na kabla hajaketi akampa dada yake. Kadhi alimuuliza mara mbili kama ameshurutishwa. Alisema ameshurutishwa na miguu yake tu, maana imechoka na boti. Nyumba ikabaki kwa Zaitoun, kwa mila na kwa sheria pia. Sasa hukumu kama hizo hazisikiki. Kaka na dada huonana kwa mawakili.

Tulirudi nyumbani kwa Zaitoun mchana ule ule. Tadjidine alisimama kizingitini, kanzu imejaa chumvi ya bahari, hajui kama apande chumbani au achukue sanduku lake.

"Ingia, chakula kinapoa," alisema Zaitoun.

Alipakua samaki wa nazi. Alimwekea kijana vipande viwili, yeye akajiwekea kimoja.

"Kula, maharimu wangu. Katika nyumba hii serikali imekaza sana."