Mwanamke Anayepima Mwanga wa Galaksi za Mwanzo

Saa tatu asubuhi, mapazia ya chumba kidogo nyuma ya maktaba ya chuo yamefungwa kuzuia jua. Mwanamke mwenye sweta la kijivu anasogeza uso karibu na kompyuta, macho yameganda kwenye doa jekundu dogo kama ncha ya sindano.

"Huyu hapa," anasema. "Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni kumi na tatu mpaka kunifikia. Halafu watu wanalalamikia foleni!"

Wenzake humwita Bi Madoa. Kazi yake ni kupima ung'avu wa galaksi za mwanzo kabisa, yale makundi makubwa ya nyota yaliyotokea ulimwengu ulipokuwa mchanga, katika picha za darubini iliyoko angani, na kukadiria zilikuwa nyingi kiasi gani.

Mama yake, fundi cherehani aliyemsomesha kwa kushona sare, hakumwelewa. "Nilimuuliza, mwanangu, nyota zipo tu, nani kakutuma uzihesabu?"

Mwaka jana aliona doa lenye kung'aa kuliko yote, akaamini ni galaksi ya mwanzo. Kiongozi wa kikundi chao akaliweka mbele kwenye ripoti.

Lakini alipolipima upya, Bi Madoa alikuta chembe ya mwanga wa buluu. Galaksi ya mbali kiasi kile isingekuwa nayo, kwa kuwa mwanga wa safari ndefu hivyo hufika ukiwa mwekundu tu. Hii ilikuwa ya karibu, imefunikwa tu na vumbi lililoifanya ionekane nyekundu.

"Roho iliniuma. Nilikuwa nimeshampigia mama simu, na mama ameshatangaza mtaa mzima."

Akaenda kwa kiongozi wake. "Mzee, ile tuitoe."

"Si umeigundua wewe?"

"Ndiyo maana naitoa mwenyewe."

Mzee alishusha pumzi. "Basi itoke."

Kikundi kingine kilipopima galaksi zilizobaki kwenye ripoti kwa darubini hiyohiyo, karibu zote zilithibitika. Galaksi za mwanzo zilikuwa nyingi na angavu kuliko walivyotarajia. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Siku hizi mama yake hajizuii mbele ya wateja. "Mimi napima viuno, binti yangu anapima mbingu. Na wateja wake hawanenepi!"

Mwezi ujao Bi Madoa anaanza kuongoza kikundi chake mwenyewe, kutafuta galaksi hafifu zaidi.

"Zinazong'aa zilijitokeza zenyewe," anasema akifungua picha nyingine. "Sasa nazitaka zile zenye haya, zilizojificha nyuma. Nazo zilikuwepo. Lazima zihesabiwe."