Aibu Iliyonitorosha Harusini

Nawasalimu nyote. Mimi ni Ochieng, fundi wa mbao mjini Migori. Kazi sikukosa, na ukinikuta peke yangu kwenye benchi nilikuwa mcheshi kupindukia. Lakini watu wakizidi watano, maneno yaliniishia.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Nikitazamwa na watu wengi, moyo ulinidunda, jasho lilinitiririka kwapani, koo lilikauka na tumbo likaniendesha. Nilipimwa malaria mara nyingi, sikuwa nayo. Shangazi yangu alishikilia kuwa ni chira, kwamba nimevunja mwiko wa ukoo. Nilimeza dawa za vidonda vya tumbo mpaka nikachoka.

Katikati ya miaka ya tisini nikapata mchumba, Akinyi. Siku ya harusi, kanisa likiwa limejaa, nilimwambia msimamizi wangu naenda msalani. Nilikwenda kweli, ila nilipitiliza hadi barabarani, na suti ya kuazima mwilini. Nilijichukia sana siku ile.

Siku ya tatu Akinyi alikuja kwenye karakana yangu. Hakunitukana.

"Ochieng, mimi nitakungoja," alisema. "Lakini kanisani sikungoji mara ya pili. Tafuta dawa."

Binamu yake alikuwa nesi Homa Bay. Alinipeleka kwa sista mmoja wa hospitali yao, mtu mzima, aliyekuwa akishauri wagonjwa. Sista aliniuliza hofu hiyo ilinishika lini mara ya kwanza. Nikakumbuka Sabato ya kumi na tatu, siku ambayo sisi watoto tulisimama mbele ya kanisa kukariri mafungu yote ya Biblia ya robo ile ya mwaka. Nilikuwa na miaka saba. Fungu la nne likanipotea, nikajikojolea. Kanisa zima likacheka. Nyumbani baba alinichapa kwa kumwaibisha.

Wiki baada ya wiki sista alinifanya nifumbe macho niisimulie siku ile. Mara ya kwanza nilitapika kwenye beseni lake. Baadaye akasema, "Sasa ingia humo kanisani ukiwa mkubwa hivi ulivyo. Huyo mtoto unamwambia nini?"

Nikasema, "Umejaribu. Mafungu matatu si mchezo. Njoo nikubadilishe nguo."

Nililia hadi kamasi zikanitoka. Nilipotoka pale mabega yalikuwa mepesi, kama nimetua gunia la mahindi.

Sikupona siku moja. Nilianza kwa kuomba mbele ya watu wanne, kisha kumi. Ndiyo maana nakuambia wewe unayekaa kiti cha nyuma karibu na mlango: usidhani umezaliwa hivyo. Tafuta mtu mwenye subira umweleze ilianzia wapi. Namshukuru Mungu, namshukuru sista, na Akinyi nitamshukuru hadi kaburini.

Maana alikuja kanisani tena, yule aliyesema hatangoja mara ya pili. Mchungaji alipoanza kuniuliza kama namkubali, nilijibu "Ndiyo" kwa sauti iliyofika hadi nje.

"Ngoja kwanza, ndugu yangu," akasema, "nimalize swali."