Honipaipu ya Bi Mwatima

Kila aliyefundishwa fidla na Bi Mwatima, kule Unguja, alipewa sharti moja: kabla hujagusa nyuzi, mtaje aliyetunga. Abdulhadi alilitimiza kwa kila wimbo, isipokuwa mmoja.

Ulikuwa honipaipu, ngoma ya mabaharia wa Kiingereza, ya kuchezwa kwa miguu myepesi. Baba yake Bi Mwatima, aliyefanya kazi melini, alirudi na santuri ya ngoma hizo. Alipofariki, bintiye akatunga moja kwa mtindo uleule, katika siku arubaini za msiba. Ukiusikia, utadhani una miaka mia mbili.

Abdulhadi sasa alikuwa Guangzhou, Uchina, akisafirisha nguo za soko la Shahe. Jumapili mchana alipiga fidla katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Dengfeng, na wimbo huo ndio uliompa jina. Lakini aliona haya watu wajue kwamba amefundwa na mwanamke. Akauficha ukweli, akajiambia hamdhuru mtu.

Jumapili moja Mugo, mfanyabiashara wa Nairobi, alipiga meza kwa furaha. "Umeweza, buda! Huo ni wa nani?"

"Wa kale tu. Hauna mwenyewe."

"Mwenyewe kafa lini?" ikauliza sauti mlangoni.

Abdulhadi akageuka. Bi Mwatima alisimama na buibui lake, sanduku mkononi, ametoka uwanja wa ndege wa Baiyun. Alikuwa amekuja kununua nguo, na Fathiya, mpwa wa Abdulhadi, alimleta moja kwa moja ili amfurahishe mjomba.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nimekuuliza, mwanangu."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani.

"Kwani mnajuana?" Mugo akauliza.

Hapo alikuwa bado na nafasi. Neno moja lingetosha. Uso ukamwaka moto, akasema, "Ni jirani yetu wa nyumbani."

Fathiya akainamisha kichwa.

"Basi jirani yako anakuomba," Bi Mwatima alisema taratibu, "usiupige tena."

Akatoka na sanduku lake.

Jumapili iliyofuata Abdulhadi alisimama mbele ya watu walewale, akaeleza yote. Mugo hakucheka. Lakini Bi Mwatima alikwisharudi Unguja, na hadi leo hapokei simu yake. Abdulhadi amempoteza mwalimu, na ule wimbo hajaupiga tena.