Mji Uitwao Fainali

Juzi nilikwenda Kasese kwa dada yangu, nikamkuta mwanawe amenuna mlangoni. Alikuwa amenunuliwa jezi, na mgongoni palikuwa na namba moja. Yeye alitaka tisa. Nikamwambia bila hata kufikiri, "Acha kulia, moja ndiye Baluku, mwenye nyumba." Mtoto akanitazama kana kwamba naanza kuugua malaria. Dada yangu huko jikoni akacheka mpaka maharage yakaungua, maana yeye anaijua habari hiyo. Wewe huijui, kwa hiyo vuta kiti nikusimulie.

Tulikaa Bwera, kando ya barabara inayoteremka mpakani mwa Kongo. Baba alikuwa dereva wa lori, akisomba chumvi kutoka Kabatoro, na nyumbani tulimwona kama tunavyouona mwezi mwandamo. Mama aliuza samaki wa chumvi mpakani tangu asubuhi hadi jua kuzama. Dada yangu alikuwa shule ya bweni. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nikitoka shule nilikuta ufunguo chini ya jiwe, viazi baridi kwenye sahani, na kuku wawili ambao nilikuwa nimeshawaeleza mambo yangu yote.

Halafu akaja bibi. Goti lake lilikuwa limevimba, na baba mdogo akamteremsha kutoka Mahango, nusu akimshika mkono, nusu akimbeba. Daktari akasema asipande kilima mpaka goti lipone. Kumkataza mtu wa Mahango kilima ni sawa na kumkataza kutoka mlangoni, basi bibi akakaa kwetu na hasira yake. Alisema Bwera kuna joto, kuna vumbi, maji ya bomba yana ladha ya msumari, na watu wanasalimiana huku wanatembea. Kila asubuhi aliuliza atarudi lini kwake.

Lakini kuanzia siku ile, nikikata kona ya nyumbani nilikuwa naona moshi. Nilikuwa nasikia mchi ukitwanga sombe, yaani kisamvu, kabla sijafika, na ndani nilikuta bundu, ule ugali wetu wa muhogo, umefunikwa kwa jani la mgomba ukiwa bado moto. Bibi alikuwa ananigombeza kwa kuchelewa. Hujui raha ya kugombezwa kama hujawahi kurudi kwenye nyumba iliyofungwa. Nilimpenda sana, na nilikuwa na hofu ya goti lile kupona, Mungu anisamehe.

Sasa, nyuma ya ukuta wetu palikuwa na kibanda cha video cha hajji jirani. Hajji alikuwa mfanyabiashara mwenye malori mawili, mtu mpole, mwenye tumbo la kuaminika. Dishi lake lilifungwa juu ya mlingoti uani, na siku moja lori lake mwenyewe, likirudi nyuma, likaugonga mlingoti huo. Tangu siku hiyo dishi lilitazama linakotaka. Likanasa mpira wa Italia tu, tena ukitangazwa kwa Kifaransa. Fundi alipojaribu kulinyoosha, tulimpata mwanamke anayefundisha kupamba keki, na watu wakamsihi fundi aliache lilivyo. Kwa hiyo, wakati Uganda nzima inagombana juu ya timu za Uingereza, mtaa wetu ulikuwa wa Waitaliano wa kulazimishwa. Kifaransa alikuwa anatutafsiria Mkongo mmoja, fundi wa pikipiki, na pale asipoelewa alikuwa anatunga.

Jumapili moja, saa kumi na kitu, kelele zilizidi. Bibi akanishika bega, akachukua fimbo yake, tukaenda kuwanyamazisha. Akaingia mlangoni tayari kutukana, na wote wakainuka kumpa nafasi. "Karibu, jaja, keti," akasema hajji, akimwita bibi kwa Kiganda. Mzee akikaribishwa hawezi kutukana papo hapo, inabidi kwanza akae. Alipokaa akaona kioo cha televisheni.

"Ule wa namba moja iko anafanya nini pale peke yake?" akauliza, kwa Kiswahili chake cha sokoni, baada ya mimi kumsomea namba. "Wamemufukuza?"

"Hapana, koko," akasema yule fundi Mkongo, maana kwao bibi ni koko. "Ule ni gadiye. Iko nachunga nyumba."

"Nyumba ya baba yao?"

Fundi akafikiri kidogo. "Ndiyo, koko. Ya papa yao."

Hapo bibi akaelewa mpira wote, kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kumwondoa tena. Sisi Wakonzo hatumchagulii mtoto jina, tunahesabu. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa. Bibi akaona ni jambo la wazi kwamba vijana wale wa mama mmoja wamevalishwa namba za kuzaliwa ili wasichanganywe. Baluku, kifungua mimba, anabaki kulinda nyumba ya baba, na wadogo wanahangaika porini. Ndivyo inavyotakiwa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema Wazungu nao wana adabu, hatukujua tu.

Mambo yalienda vizuri mpaka akaingia mchezaji wa akiba. Bibi akanigusa nimsomee. Nikasema, "Tisini na tisa."

Bibi akahesabu kwa vidole, akaacha. Kisha akauliza polepole, "Mama yao iko hai?"

Kibanda kilicheka mpaka mabati yakalia. Hajji alifuta macho kwa kofia yake. Tangu siku hiyo bibi alikuwa na benchi lake mbele, karibu na kioo, na mimi nilikaa ubavuni pake kama msomaji wa namba. Hakuna aliyetaja tena jina la mchezaji. Watu wazima, wenye ndevu, walikuwa wanapiga kelele, "Kule, toa kwa Masereka!" Mdogo akipiga mpira mwenyewe badala ya kumpa mkubwa, bibi alikuwa anasema mtoto huyo hakulelewa. Kumi akisifiwa, alikuwa ananung'unika kwamba Bwambale ndiye anayelima na huyu anakuja kula. Mchezaji akikimbia na mpira pembeni mpaka ukatoka nje, hajji alikuwa anamwambia taratibu, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, jaja," na bibi alikuwa anaitikia kama yuko kanisani.

Timu yake ilikuwa ile ya bluu ya anga, kwa sababu Baluku wao alifunga bendeji gotini.

Baada ya Pasaka daktari akasema goti limepona. Baba mdogo akatuma salamu kwamba atakuja kumchukua. Mimi nikaacha kula. Lakini bibi akajibu, "Nitaenda hawa vijana wakimaliza." Nikafurahi hadi nikawaeleza kuku. Mpira ulikuwa haujawahi kwisha tangu nizaliwe. Kila Jumapili ilikuwa na yake, kwa hiyo kwa hesabu yangu bibi angekaa milele.

Basi siku moja natoka shule, nikakuta hajji ameandika kwa chaki kwenye ubao wake: FAINALI. KOMBE LA ITALIA. WA BLUU NA WA MILIA. Kesho yake nikamuuliza mwalimu maana ya fainali. Akasema, "Ni ile ya mwisho. Baada yake kila mtu anaenda kwao." Mwalimu yule alikuwa na kipaji cha kueleza jambo kwa maneno machache, na siku hiyo nilimchukia.

Jioni tukapita mbele ya ubao. Bibi akasimama, akaelekeza fimbo.

"Hapa wameandika nini?"

Nikasoma rangi za timu. Halafu nikarudi kwenye lile neno la juu, na ulimi ukaenda wenyewe. "Fainali," nikasema. "Ni mji, bibi. Watachezea huko."

"Iko mbali na Roma?" Roma ndio mji pekee wa Italia alioujua, kwa sababu ya Baba Mtakatifu.

"Karibu tu. Kama hapa na Kabatoro."

"Basi Baba Mtakatifu atasikia kelele," akasema, tukaendelea na safari.

Uongo wa mtoto unahitaji watu wazima wa kuubeba, kwa hiyo nikaenda kwa hajji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika ndevu. "Mimi sidanganyi muzee, mwanangu," akasema. "Lakini kama hajaniuliza, mimi iko na kazi zangu." Yule fundi Mkongo hakuwa na shida kama hiyo. Bibi alipomuuliza, alisema Fainali anaijua vizuri, alipita huko akiwa kijana, mji una daraja zuri, ndizi nyingi, ila barabara ni mbaya wakati wa mvua. Bibi akamsikitikia.

Mchezo wenyewe ulipigwa usiku, na hajji alikuwa hafungui kibanda usiku, kwa hiyo sisi tuliona marudio kesho yake saa kumi. Aliyejua matokeo aliombwa abaki ng'ambo ya mpaka. Mvua ilikuwa imenyesha, watu wamebanana kwenye mabenchi, harufu ya matope na karanga za kukaanga. Nikakaa pembeni ya bibi.

Bluu wakatangulia, kwa kichwa. Bibi akapiga makofi matatu, si zaidi. Hata hatujakaa vizuri, wa milia wakarudisha. Kisha hakuna kilichotokea kwa muda mrefu, na kibanda kizima kilikuwa kinateseka, ila mimi. Mimi nilikuwa naomba. Niliomba mpira ugonge mwamba, niliomba Baluku wa huku na Baluku wa kule wadake kila kitu, niliomba pasiwe na bao tena duniani. Watu wawili nyuma yangu walikuwa wanaomba bao, kila mmoja la kwake, na naamini Mungu alichoka na sisi.

Dakika tisini zikaisha. Bibi akaanza kutafuta fimbo yake.

"Bado, bibi," nikasema haraka. "Wameongezewa muda."

"Nani ameongeza?"

"Refa."

"Refa iko mutu muzuri," akasema, akarudisha fimbo chini. Nami nilikubaliana naye kwa moyo wote.

Lakini haukupita muda, mmoja wa wale wadogo wa milia, aliyeingia amechelewa, akapiga, mpira ukamponyoka Baluku wetu ukaingia. Nusu ya kibanda ikalala juu ya nusu nyingine. Kipenga cha mwisho kikalia. Tukaona kombe likiinuliwa, karatasi za rangi zikianguka kama mvua, wachezaji wakikumbatiana, wengine wakilia, watoto wao wakikimbia uwanjani. Wa bluu walizunguka uwanja polepole wakipungia watu mikono.

Bibi akawatazama sana. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Huu muji ya Fainali ni muzuri. Lakini naona watu yake yote iko naaga."

Nikaangua kilio pale pale, mbele ya mtaa wote. Fundi Mkongo akadhani nawalilia bluu, akanishika kichwa. "Usilie, mutoto. Sezo ingine itakuya, musimu mupya." Hajji peke yake ndiye aliyeelewa, akazima jenereta kabla ya wakati wake, akajifanya mafuta yamekwisha.

Nyumbani nilikiri yote huku napiga kwikwi. Bibi alikuwa anachambua majani ya sombe. Hakukasirika. Alingoja nimalize, akaniuliza kama nimemaliza kweli, halafu akasema, "Hata mimi nilidanganya. Goti ilipona zamani, mbele ya Pasaka."

Nikamtazama. Nilikumbuka fimbo, nilikumbuka wiki zote zile akichechemea kutoka jikoni hadi kibandani huku akiilaani Bwera na maji yake.

"Kwa nini unaenda basi?"

"Nyumba ikikosa moshi inaoza," akasema. "Na babu yako iko pale peke yake." Babu alikuwa amezikwa nyuma ya migomba.

Asubuhi iliyofuata baba mdogo akaja na pikipiki. Bibi alipanda kwa mguu uleule wa goti, kwa wepesi uliomfanya mama ashangae na mimi nishindwe kucheka. Jioni nilikata kona ya nyumbani, nikatafuta moshi kwa mazoea, halafu nikainama kuchukua ufunguo.

Likizo nilikuwa napelekwa Mahango, na tulikaa naye vizuri, lakini huko hapakuwa na mpira. Bibi alifariki miaka michache baadaye. Kibanda siku hizi kinauza simu na vifuniko vya simu. Hajji alihamia kwa watoto wake, Mkongo alirudi kwao, na mlingoti ulichukuliwa na mtu wa vyuma chakavu. Vijana wa mtaa wanatazama timu za Uingereza, kila mmoja kwenye simu yake, na kila mchezaji anaitwa kwa jina lake kamili.

Mchezo ule naweza kukusimulia hatua kwa hatua hata leo: nani alipiga kichwa, nani aliteleza, mpira ulimpitia Baluku mkono gani. Bibi alikaa ubavuni pangu kwa zaidi ya saa mbili, bega lake limegusa langu, na ilikuwa jioni yetu ya mwisho Bwera. Mimi nilikuwa nimekazia macho kioo, naomba muda. Alijifunga kitambaa cha rangi gani siku hiyo, sijui.