Mkonge wa Sebuleni

Ida wa Mahongole alikuwa na vitu vitatu alivyoweza kuviita vyake: jembe, sauti, na debe la mkonge wa sebuleni. Mume alikuwa naye zamani. Yoeli alikwenda Korogwe kukata mkonge wa kweli, ule wa mashambani, akasema atarudi baada ya msimu mmoja. Huu ulikuwa mwaka wa saba. Ameota mizizi huko huko, na inasemekana ana watoto wawili wanaomwita baba kwa Kisambaa.

Huu wa sebuleni ulikuwa wa pambo tu. Majani yake yalisimama wima kama panga, kijani katikati, manjano pembeni, utadhani fundi cherehani ameyashonea utepe. Ida aliupata Makambako, alipokuwa akifua nguo kwa mke wa Mzungu mjenzi wa barabara. Mama yule alipohama alitupa shina moja lililooza nusu. Ida akaliokota, akakata palipooza, akapaka majivu, akalipanda katika debe la mafuta ya taa alilolitoboa chini. Miaka kumi na mmoja aliulea mkonge ule karibu na jiko, maana baridi ya huku mwezi wa sita huua hata maneno mdomoni. Wageni waliokuja kumpa pole kwa ajili ya Yoeli waliishia kuusifia mkonge, na Ida aliona afadhali hivyo.

Pasaka ikamleta wifi yake Getruda, dada yake Yoeli, mke wa karani wa boma la Njombe. Alikaa siku mbili, akala kuku wawili, na asubuhi ya kuondoka akapanda lori na debe mapajani.

"Wifi, debe langu unalipeleka wapi?"

"Lako? Kilichomo nyumbani kwa kaka yangu ni cha kaka yangu. Namtunzia mpaka arudi."

"Basi chukua na paa linalovuja, nalo ni la kaka yako!"

Lori likaondoka.

Wiki hiyo hiyo Ida naye akapanda lori mpaka Njombe, moja kwa moja kwa Ezekia, mzee wa kanisa. Ezekia alikipenda kisa kimoja cha Maandiko kuliko vyote: kile cha mfalme, wanawake wawili, mtoto mmoja na upanga. Kwa miaka ishirini aliomba Mungu ampe kesi ya namna hiyo, na watu walimletea mbuzi tu. Leo aliwakalisha Ida na Getruda, debe katikati, majirani pembeni, akaagiza kisu cha jikoni.

"Kila mmoja anasema ni wake," alisema, na sauti ilimtetemeka kwa furaha. "Basi nitaukata katikati!"

Akainua kisu, akingoja. Getruda alisoma mpaka darasa la nne, na kisa alikijua mwanzo mpaka mwisho. Alipiga magoti papo hapo.

"Usikate, baba! Heri achukue yeye, mkonge uishi!" Hata chozi alilipata, Mungu anajua wapi.

Ida hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na Jumapili za kisa kile huenda alisinzia.

"Kata," alisema. "Lakini geuza kisu, baba, umekishika kama unachinja. Fukua kwanza, ukate chini kwenye mzizi, kila upande ubaki na jicho la kuchipua."

Watu wakaguna. "Mmesikia? Kata, anasema!"

Ezekia akainua mikono juu kama aliyeona ufunuo. Debe likawa la Getruda. Ida alirudi Mahongole mikono mitupu, na jina jipya limemtangulia: Mama Kata.

Sasa, mke wa bwana mkubwa wa boma alipita kwa Getruda, akauona mkonge, akauliza kama anaweza kupata kumi kwa ajili ya baraza yake kabla ya Krismasi.

"Hata ishirini, mama!"

Getruda alifyeka majani yote, akayakata vipande kama muwa, akavichomeka katika makopo ishirini. Shina lililobaki na kipara akalitupa jalalani nyuma ya jiko.

Vipande vikaota. Vilikwenda polepole, kwa mwendo wa baridi ya Njombe, lakini mwezi wa kumi na moja ulipofika kila kopo lilikuwa na chipukizi lake. Yote kijani kitupu. Utepe hakuna hata mmoja. Mke wa bwana mkubwa alitazama kopo la kwanza, la pili, la tatu, akauliza kwa upole kama hivi ni vitunguu.

"Ni Ida!" Getruda alipiga kelele mpaka kwa Ezekia. "Ameiloga rangi yangu!"

Ida akaitwa mpaka uani kwa Getruda.

"Ida," alisema Ezekia, "manjano umeyapeleka wapi?"

"Niyapeleke wapi, baba? Nimeyafanya mboga?" Akainamia makopo. "Wifi, umepanda majani."

"Ndiyo, majani! Mbona yameota?"

"Jani likiota linakumbuka kijani tu. Manjano hutoka shinani. Ndiyo maana nilisema akate kwenye mzizi. Shina liko wapi?"

Getruda akatazama jalala. Wote wakatazama jalala. Ezekia mwenyewe alifukua kwa fimbo, na chini ya maganda ya viazi, katika majivu yenye joto, shina lilikuwa limekaa starehe na machipukizi matatu manene, kila moja na utepe wake wa manjano.

"Getruda, wewe si ndiye uliyesema usikate?"

"Ndiyo, baba."

"Kisha ukakata majani yote?"

Getruda akapiga magoti tena. Lakini chozi safari hii lilikataa.

"Ida, chukua mali yako," alisema Ezekia. "Na yule mfalme..."

Ida alilifunga shina katika kanga. Getruda akamshika mkono.

"Wifi yangu, mama wa boma anarudi Jumamosi. Nikatie hata chipukizi moja. Hapo hapo kwenye mzizi, ulivyosema. Kata, wifi, kata!"

Ida akamgeukia Ezekia.

"Baba, umesikia? Kata, anasema."

Akaenda na shina lake zima kutafuta lori la kumrudisha Mahongole.