Singida ni Kikapu Kimoja

Hadi leo nikisikia harufu ya milala ya kusukia vikapu iliyolowekwa maji, miguu yangu hukumbuka vumbi la njia ya kutoka Kiomboi kwenda Singida. Mama alikuwa msukaji, na kama wanawake wengi wa kwetu Iramba, hakutembea mikono mitupu: mzigo kichwani, macho njiani, vidole vikisuka. Njia alizipima kwa vikapu. Kisimani ilikuwa mistari miwili, kwa shangazi nusu kikapu. Sisi watoto tulielewa hivyo vizuri kuliko maili za Mwingereza.

Mwaka niliochaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana Singida, ndege ndogo ya serikali ilitua kwenye uwanja wa nyasi karibu na kijiji chetu. Tulikimbia wote kuitazama, hata waliokuwa jikoni. Karani aliyeshuka, kijana wa kujisikia, alitutangazia kwamba ametoka Singida kwa robo saa na ushee tu. Watu walipiga makofi. Baba alirudi nyumbani, na wakati wa chakula akasema, "Kama chombo chenye mbio vile kinahitaji robo saa nzima, basi kwa miguu huko ni mwisho wa dunia. Mtoto akiugua, nani atatuambia? Haendi."

Nililia mpaka ugali ukapoa. Mama hakubishana; alikuwa akichambua milala yake. Kisha akasema, "Baba Maria, Singida ni kikapu kimoja. Nitakwenda na mtoto, nikianza kusuka hapa mlangoni. Kikiisha kabla hatujafika, nitarudi naye." Baba alikuwa mgumu, lakini kipimo cha mama hakuwahi kukikataa. Akakubali.

Tulitembea siku tatu, tukiomba malazi kwa watu. Haba na haba hujaza kibaba: mistari ilipanda, nami nilikitazama kikapu kwa hofu zaidi kuliko nilivyoitazama njia. Asubuhi ya tatu vilibaki vidole viwili kufika ukingoni, na mwenyeji wetu akatuambia Singida bado ni mwendo wa kutwa. Mama akaketi juu ya jiwe, akafumua mistari minne, akaanza kuisuka upya, akiibana hata kwa meno.

"Mama, huo si uongo?" nikamwuliza.

"Nyamaza, mwanangu. Niliahidi kikapu, sikuahidi mkono wangu utakwenda mbio."

Alifunga ukingo tulipoyaona maji ya Singidani, ziwa lililo kando ya mji. Aliporudi nyumbani, kama alivyonisimulia baadaye, baba alikishika kikapu, akapitisha kidole kwenye mistari ya juu, akacheka kidogo. "Kweli," akasema, "ni kimoja." Mimi nilikuwa tayari darasani.

Nimefundisha miaka mingi, na ndege nimepanda mara kadhaa. Siku hizi basi hutoka Kiomboi asubuhi na kufika Singida mapema, na bado wajukuu zangu hulalamika kwamba ni mbali. Sibishani nao. Huwashushia kile kikapu kutoka juu ya kabati, nikawaambia wapitishe vidole. Chini mistari imekaa kwa raha. Juu imebana hata sindano haipenyi. Huniuliza kwa nini msukaji alibadilisha mkono njiani. Nawajibu kwa fahari nisiyoificha: hapo ndipo nilipopelekwa shule.